Mguu Mzima Ulioungua: Uchambuzi wa Kisa cha Mkulima wa Zabibu

Kisa hiki kilianzia kwenye shamba la zabibu, kusini mwa mji wa Dodoma, usiku mmoja wa mwishoni mwa Julai, wakati ambao zabibu zinakaribia kuvunwa na wenye mashamba hulala humo humo kuzilinda. Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 41, mkulima, asiye na kisukari wala ugonjwa mwingine wa muda mrefu. Alisikia vishindo kati ya mistari ya mizabibu, akainuka kwenda kuwaamsha wenzake, na kabla hajafika akachomwa kisu mgongoni. Anasema hakusikia maumivu makali papo hapo. Alichosikia ni kama amepigwa ngumi, kisha mguu wa kushoto ukakosa nguvu na akaanguka kifudifudi.

Aliletwa kwetu kabla ya alfajiri. Jeraha lilikuwa dogo, upana wake sentimita 2, kushoto kidogo mwa uti wa mgongo, usawa wa ncha ya chini ya mfupa wa bega. Halikuvuja maji ya ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti. Eksirei haikuonyesha kipande cha kisu kilichobaki ndani, pingili iliyovunjika, wala hewa au damu kuzunguka pafu. Alisafishwa, akashonwa, akapewa sindano ya kinga ya pepopunda na dawa za kuua bakteria. Mguu wa kushoto ulikuwa umelegea kabisa, na mkojo ulikuwa umeziba, kwa hiyo aliwekewa mpira.

Kwenye karatasi ya siku ile niliandika kwa mkono wangu: mguu wa kushoto hauna nguvu; hisia ziko sawa pande zote mbili. Sentensi ile ya pili ndiyo sababu ya uchambuzi huu, kwa kuwa haikuwa kweli. Nilichukua kipande cha pamba, nikamwomba afumbe macho, nikaipitisha pamba kwenye mapaja, miguu na nyayo, na kila nilipomgusa alijibu, «Nasikia.» Nikaishia hapo. Nilikuwa nimepima aina moja tu ya hisia, tena ile ambayo katika jeraha la namna hii ina uwezekano mkubwa wa kumdanganya mpimaji.

Alikaa wodini siku 16. Mpira wa mkojo ulitolewa siku ya 5, na taratibu mguu ukaanza kurudisha nguvu, kwanza nyonga, baadaye goti. Aliruhusiwa akitembea kwa mkongojo. Baada ya siku 4 akarudishwa na mama yake mzazi.

Safari hii tatizo lilikuwa mguu wa kulia, ule ambao sote tuliuita mzima. Kwenye wayo, kuanzia kisigino hadi katikati, palikuwa na jeraha la moto lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto: malengelenge yaliyopasuka pembeni, na katikati ngozi imekuwa nyeupe na ngumu kama ngozi iliyokaushwa. Usiku uliotangulia kulikuwa na baridi na upepo, yeye akakaa jikoni akiota moto, miguu ameinyoosha. Wayo wa kulia uliegemea figa lililokuwa bado na joto kali. Mkewe ndiye aliyesikia harufu ya ngozi ikiungua, akageuka na kumvuta. Yeye mwenyewe alikuwa akiendelea na mazungumzo.

Nilimwamkia mama yake, akaitikia, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake mdomoni wakati ule: «Marahaba, mwanangu. Sasa nieleze. Mguu mgonjwa ukisogea motoni, anautoa haraka. Mguu mzima umeungua na hana habari. Hii ni nini?»

Sidhani kama kuna mtaalamu ambaye angelieleza tatizo lile vizuri zaidi. Mama alikuwa ameona, kwa macho yake na jikoni kwake, kwamba nguvu na maumivu havikuharibika upande mmoja. Kabla ya kumjibu nilimpima mwanawe upya, na safari hii nilipima kila aina ya hisia peke yake.

Nilianza na pini, nikibadilisha ncha na kichwa ili nijue kama anatofautisha kikali na butu. Mguu wote wa kushoto alitofautisha bila kukosea. Mguu wote wa kulia alisema kila mguso ni butu, kuanzia vidoleni hadi tumboni, ambapo ukali ulirudi ghafla, vidole viwili chini ya kitovu. Nilichukua chupa mbili, moja ya maji ya moto kiasi na nyingine ya maji baridi: kushoto alizitofautisha, kulia zilikuwa kitu kimoja kwake. Kisha nikagonga uma wa chuma wa kupimia mtetemo, ule wa mitetemo 128 kwa sekunde, nikausimamisha juu ya mfupa wa kifundo cha mguu. Kulia aliusikia mtetemo hadi ulipokaribia kuisha. Kushoto alisikia chuma kimewekwa, lakini mtetemo hakuusikia kabisa, hata nilipopanda hadi gotini na kwenye mfupa wa nyonga. Mwisho nilishika kidole gumba cha mguu wa kushoto kwa pembeni, nikakisogeza juu na chini akiwa amefumba macho, nikimwuliza kimeelekea wapi. Alikosea mara 6 kati ya 10, yaani alikuwa akibahatisha. Cha kulia hakukosea hata mara moja. Pamba aliisikia kote, ingawa sasa, nilipomwuliza kwa makini, alikiri kwamba miguu yote miwili haikuwa sawa na kifua. Tena, upande wa kushoto, vidole viwili juu ya kitovu, palikuwa na ukanda mwembamba ambao haukusikia chochote, si pini, si pamba, si joto.

Ili matokeo hayo yaeleweke, inabidi tufuate habari kutoka mguuni hadi kichwani, hatua kwa hatua.

Chini ya ngozi, ndani ya misuli na kwenye maungio kuna vipokezi vya namna nyingi. Vingine huamshwa na mguso mwepesi, vingine na mtetemo, vingine na kunyooka kwa msuli, na vingine, ambavyo ni ncha tupu za neva zisizo na kifuniko, huamshwa na joto, baridi na madhara kwa mwili. Kila kipokezi kimeungwa na seli ya neva ambayo kiini chake hakimo ndani ya ugwe wa mgongo, bali kwenye fundo dogo lililo nje yake tu, ubavuni mwa uti. Kutoka kwenye fundo hilo seli hutoa uzi mmoja unaogawanyika: tawi moja linakwenda hadi ngozini, jingine linaingia kwenye ugwe. Mpaka hapa habari zote za mguu mmoja zimesafiri pamoja kwenye neva zile zile. Zikishaingia ndani ya ugwe, ndipo zinapoachana.

Habari za mtetemo, za mahali kiungo kilipo na za mguso wa kina hugeuka juu mara moja, bila kupokezana na seli nyingine, na kupanda kwenye safu ya nyuma ya ugwe, upande ule ule zilikoingilia. Uzi unaotoka kwenye kidole cha mguu wa mtu mzima huenda hivyo hivyo hadi medula, sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, kwa hiyo seli moja inaweza kuwa na urefu unaozidi mita moja na nusu kwa mtu mrefu; hakuna seli nyingine ya mwili inayoufikia urefu huo. Nyuzi za miguu hukaa karibu na mstari wa katikati, na kadiri ugwe unavyopanda, nyuzi za kiwiliwili na za mikono huongezeka kwa nje. Ndani ya medula habari hukabidhiwa seli ya pili, na ni seli hiyo ya pili inayovuka kwenda upande wa pili.

Habari za maumivu, joto na baridi hufanya kinyume. Zikiingia, hupanda hatua moja au mbili tu za neva, hukabidhiwa seli ya pili iliyo kwenye pembe ya nyuma ya ugwe, na seli hiyo huvuka papo hapo, mbele ya mfereji mdogo wa katikati, kisha hupanda kwenye sehemu ya mbele na ubavuni mwa ugwe, upande usio wake, hadi kichwani.

Nilipomweleza mama nilitumia korongo, kwa sababu kwetu Dodoma kila mtu anajua korongo lilivyo. Chukulia vijiji viwili vinatazamana, kimoja ng'ambo ya kushoto na kingine ng'ambo ya kulia, na mji uko mbali juu. Kila kijiji lazima kipeleke habari zake kwenye ofisi iliyo ng'ambo ya pili. Wajumbe wa maumivu wana desturi ya kuvuka mapema, hapo hapo kijijini, na kutembea ng'ambo ya wenzao safari nzima. Wajumbe wa mahali kiungo kilipo hutembea ng'ambo yao wenyewe na kuvuka karibu na mji. Sasa mafuriko yabomoe njia ya ng'ambo ya kushoto, katikati ya safari. Nani watakwama? Watakwama wajumbe wa mahali wa kijiji cha kushoto, ambao walikuwa hawajavuka, na wajumbe wa maumivu wa kijiji cha kulia, ambao walishavuka na walikuwa wakipita ng'ambo ile ile iliyobomoka. Na amri zinazotoka mjini kwenda kwenye misuli nazo huvuka karibu na mji, kwenye medula, na kuteremka ng'ambo ya kijiji zinakokwenda. Kwa hiyo kijiji cha kushoto kitakosa amri pia. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, «Basi kisu kilikata kushoto tu.» Ndivyo ilivyokuwa.

Nusu ya ugwe ikikatwa na nusu ikabaki, picha hii ya ajabu hutokea kila mara kwa mpangilio ule ule: upande wa jeraha unapoteza nguvu, mtetemo na mahali kiungo kilipo, upande wa pili unapoteza maumivu na joto. Aliyeionyesha kwa majaribio, katikati ya karne ya 19, ni Charles-Édouard Brown-Séquard, tabibu na mwanafiziolojia aliyezaliwa kisiwani Morisi mwaka 1817, na hali hii hadi leo inaitwa kwa jina lake. Inanigusa kwamba aliyetufumbulia jambo hili alikuwa mtoto wa bahari yetu hii hii ya Hindi.

Turudi kwenye pamba. Mguso mwepesi unatumia njia zote mbili: sehemu hupanda safu ya nyuma, sehemu huvuka na kupanda mbele ya ugwe. Kwa sababu hiyo nusu moja ya ugwe ikikatika, kila mguu hubakiwa na njia moja ya kupeleka mguso, na mgonjwa aliyeguswa kwa pamba hujibu kwa haki kabisa kwamba anasikia. Hakuwa amenidanganya. Nilimwuliza swali ambalo jeraha lake halikuweza kulijibu vibaya. Pini haimalizi hata shilingi ya ziada wala dakika tano, nayo ingetosha kutuonya, siku ya kwanza, kwamba mguu wa kulia hauna ulinzi wa maumivu na usiachwe karibu na moto.

Matokeo hayo pia hutaja mahali jeraha lilipo, karibu sawa na picha. Ngozi ya kitovu huhudumiwa na neva ya 10 ya kifua. Ukanda mwembamba wa kushoto usiosikia kitu, juu kidogo ya kitovu, ni eneo la neva ya 9: hapo kisu kiliharibu mahali habari zinapoingilia, kabla hazijaachana, na ndiyo maana kila hisia ilipotea. Kwa kuwa nyuzi za maumivu hupanda hatua moja au mbili kabla ya kumaliza kuvuka, mpaka wa kulia lazima uwe chini kidogo ya usawa wa jeraha, nasi tuliukuta kwenye neva ya 11. Kovu la ngozi, hata hivyo, lilikuwa usawa wa pingili ya 7 ya kifua. Hakuna mgongano. Ugwe ni mfupi kuliko uti unaoubeba. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, kwa hiyo sehemu ya ugwe inayohudumia neva fulani huwa juu ya pingili yenye namba hiyo, na tofauti huongezeka kadiri unavyoshuka.

Yapo magonjwa mengine yanayoondoa hisia za mguu, na niliyapitia moja baada ya jingine, ingawa kisu kilikuwa ushahidi wa kutosha. Neva ya mguu ikikatwa nje ya ugwe, kila aina ya hisia hupotea kwenye eneo moja la ngozi. Kisukari huanzia nyayo zote mbili na kupanda sawasawa kama soksi. Upungufu wa vitamini B12 na kaswende ya muda mrefu hushambulia safu za nyuma za pande zote mbili, mgonjwa akawa anayumba gizani huku pini akiisikia. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hubana ugwe polepole kwa wiki au miezi. Na kama tatizo lingekuwa kichwani, juu ya mahali pote pa kuvukia, hisia zote mbili zingepotea upande mmoja wa mwili.

Juu ya medula njia hizo mbili, ambazo sasa ziko ng'ambo moja, hupanda shina la ubongo zikikaribiana, hadi kwenye thalamasi, fungu la seli lililo katikati ya ubongo. Hapo seli ya tatu hupokea na kupeleka habari kwenye gamba la ubongo, hasa kwenye mkunjo ulio nyuma tu ya mtaro wa kati. Mkunjo huo una ramani ya mwili. Wilder Penfield na Edwin Boldrey, kule Montreal, waliichapisha mwaka 1937 baada ya kugusa ubongo wa wagonjwa walio macho, wakati wa upasuaji, kwa umeme mdogo, na kuwauliza wanasikia nini na wapi. Uso na mkono vimepewa eneo kubwa ubavuni. Mguu na wayo viko ndani, kwenye mwanya unaozitenga nusu mbili za ubongo. Maumivu hayaishii kwenye mkunjo huo peke yake, kwani sehemu nyingine za gamba, zilizo ndani zaidi, hushughulikia machungu yake na haraka ya kujiokoa. Wayo wa kulia wa mgonjwa wetu ulikuwa na kiti chake kwenye ramani ya upande wa kushoto, kizima kabisa. Habari ya figa la moto ndiyo haikufika.

Kasi za njia hizi hazilingani hata kwa mtu mwenye afya. Nyuzi nene za mguso hupitisha habari mita 35 hadi 75 kwa sekunde, na ukichokoza kwa umeme neva iliyo kwenye kifundo cha mguu, gamba la ubongo huitikia baada ya sehemu kama 40 za elfu ya sekunde. Nyuzi nyembamba kabisa za maumivu huenda nusu mita hadi mita 2 tu kwa sekunde. Kila aliyewahi kujikwaa kidole kwenye jiwe anaijua tofauti hiyo: kishindo hufahamika kwanza, na maumivu yale mazito yanayochoma hufuata.

Jambo jingine lilielezeka siku ile. Mkewe alilalamika kwamba mumewe hutembea vizuri mchana, lakini usiku akienda uani huanguka, na yeye alidhani ni woga uliobaki baada ya shambulio. Mguu wa kushoto ulikuwa umepata nguvu ya kumbeba, ila ubongo haukupewa habari za mahali ulipo. Mchana macho yalifanya kazi hiyo badala yake. Nilimsimamisha miguu pamoja, nikiwa nimemkinga kwa mikono. Akiwa amefumbua macho alitulia, alipoyafumba aliyumba kwenda kushoto kabla sijahesabu hadi tatu. Taa ya tochi karibu na kitanda ikawa sehemu ya matibabu yake.

Tulimpa rufaa mjini kwa kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ambacho kilionyesha kovu kwenye nusu ya kushoto ya ugwe, usawa wa pingili ya 7 ya kifua, bila mgandamizo wala kipande cha chuma. Daktari wa upasuaji hakuona sababu ya kupasua. Dawa za jamii ya steroidi hazikutumika, kwani katika majeraha ya kuchomwa ugwe hazishauriwi. Kilichobaki kilikuwa mazoezi ya viungo na kidonda cha moto, ambacho kilichukua wiki 7 kupona, muda mrefu kuliko jeraha la kisu.

Kati ya majeraha ya ugwe yasiyokata kote, hili la nusu moja ndilo lenye matumaini makubwa zaidi ya kutembea tena, na yeye hakuwa tofauti. Mwezi wa 4 baada ya tukio aliuacha mkongojo na kurudi kupogoa mizabibu. Mguu wa kushoto bado ni mkakamavu kidogo asubuhi, na ukichokoza wayo wake kidole gumba huinuka badala ya kuinama, alama kwamba njia ya amri ina kovu. Mtetemo umerudi kwa sehemu gotini, kifundoni bado. Kwa mguu wa kulia pini haijawahi kurudi kuwa kali, na sitarajii sana irudi.

Sasa huvaa viatu vya kufunika shambani na nyumbani, na kila jioni mkewe hukagua wayo wa kulia kwa mwanga wa tochi, akitafuta mwiba au lengelenge. Jikoni amehamishiwa kiti upande wa mlango. Maji ya kuoga huyapima yeye mwenyewe, kwa kuchovya kwanza mguu wa kushoto.